Namna ya kusali kila siku na kuhudumia jirani ukiwa Mkatoliki Unguja na Pemba

Nawaandikia Wakatoliki wenzangu tunaoishi visiwani, hasa nyie wa shifti za hoteli, wa bandarini, walimu wa skuli, askari, wauza duka, na wale mliopangiwa kazi Pemba kanisa liko mbali mpaka ukamate gari. Wengi nawasikia wanasema imani yangu imebaki Jumapili tu, wiki nzima ni kazi, na majirani zangu wote Waislamu, sasa Ukatoliki wangu nitauishi vipi hapa. Mie naona hapa ndo pahala pazuri kabisa pa kuuishi. Umezungukwa na watu wanaokatisha shughuli zao mara tano kwa siku wakaenda kusali, kwahiyo hakuna atakayekushangaa na wewe ukisali. Alafu jirani yako hataijua imani yako kwa mahubiri, ataijua kwa ulivyomtendea mama yake alipoumwa. Sala na huduma nimeviweka pamoja humu makusudi, manake nimeona anayesali bila kumtazama jirani anakauka, na anayehudumia bila kusali anachoka mapema na anaanza kuhesabu nani amemshukuru na nani hakumshukuru.

Hatua ya kwanza: asubuhi, kabla hujashika simu

Adhana ya alfajiri huku inasikika kila mtaa. Itumie. Ukiisikia, kaa kitako au piga magoti pembeni ya kitanda, fanya ishara ya msalaba polepole (polepole kweli, sio ile ya kufukuza mbu), mshukuru Mungu umeamka, kisha sali Nia Njema. Ile sala wengi tumefundishwa na katekista tukiwa wadogo tukaiacha hukohuko kwenye mafundisho ya komunio, wakati imemaliza kila kitu: namtolea roho yangu, nifanye kazi nipumzike. Yaani hata kazi yako ya leo na usingizi wako wa usiku umeshavitoa sadaka kabla hujatoka ndani.

Baada ya hapo soma Injili ya siku. Kama huna kalenda ya liturujia nunua parokiani, au muombe mtu wa jumuiya (kile kikundi kidogo cha Wakatoliki wa mtaa) awe anarusha masomo kwenye grupu la WhatsApp kila jioni ili asubuhi yawepo tayari hata bando likiisha. Usisome kama taarifa ya habari. Soma mara mbili, chagua sentensi moja ikae na wewe.

Alafu kuna kitu cha mwisho cha asubuhi ambacho wengi hawakifanyi, na kwangu mie ndo kinachounganisha sala na maisha: mtajie Mungu jina la mtu mmoja utakayemtumikia leo. Jina, sio "wote wenye shida". Bi mkubwa wa nyumba ya pili anayeteka maji mwenyewe na mgongo umepinda, au mfanyakazi mwenzio ambaye juzi mlikwaruzana na leo mko shifti moja. Ukishalitaja jina mbele ya Mungu, mchana ukimuona huyo mtu huwezi kupita tu.

Yote haya ni dakika kumi. Usianze na saa nzima, nakusihi. Watu wanaanza na rozari nzima, masifu, novena mbili na sala za watakatifu watano, wiki ya pili wameacha vyote. Dakika kumi za kila siku bila kukosa kwa mwezi mzima, ndo uongeze.

Hatua ya pili: mchana, katikati ya kazi

Saa sita mchana Kanisa linasali Malaika wa Bwana, na adhana ya adhuhuri inakuja muda mfupi baadae, kwahiyo ukipitiwa na saa sita wenzio wakienda kusali na wewe una nafasi yako. Ni vifungu vitatu vifupi na Salamu Maria tatu, na kipindi cha Pasaka tunasali Malkia wa Mbingu badala yake. Unaweza kusali umesimama stoo, jikoni, kwenye geti la lindo, popote. Mabosi wengi huku wameshazoea mtu kuomba dakika tano za sala, omba kwa adabu, ukimaliza rudi kazini mara moja usije ukaiba muda wa mwajiri kwa jina la Mungu. Saa tisa mchana ni saa ya Huruma ya Mungu, ukiweza inua moyo tu, hata kwa neno moja, Yesu nakutumainia.

Na kazi yenyewe je? Ukitandika kitanda cha mgeni ambaye hutamuona, ukakunja shuka vizuri mpaka ile pembe ya ndani isiyoonekana, umeshaitoa asubuhi kwenye Nia Njema hiyo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliishi kwenye monasteri Ufaransa akafariki 1897 akiwa na miaka 24 tu, hakutoka kwenda popote kuhubiri, alifanya vitu vidogo kwa upendo mkubwa na Kanisa limemfanya msimamizi wa misioni na mwalimu wa Kanisa. Mtu wa shifti ya housekeeping anamuelewa vizuri sana huyu.

Hatua ya tatu: rozari njiani

Kutoka mjini mpaka Paje au Nungwi kwa daladala si chini ya saa nzima, na matendo matano ya rozari yanachukua kama dakika 20. Huna haja ya kuitoa rozari hadharani kama unaona unawakwaza abiria au unajionesha, vidole vyako ni kumi na Salamu Maria za kila tendo ni kumi. Jumatatu na Jumamosi matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Jumapili ya utukufu, Alhamisi ya mwanga, haya ya mwanga aliyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Kila tendo liwekee nia ya mtu, na yule uliyemtaja asubuhi awe wa kwanza. Ukilala katikati ya rozari kwa uchovu wa kazi usijihukumu, malizia nyumbani au iache, kesho ipo.

Hatua ya nne: huduma, na hapa ntakaa kidogo

Mwalimu wetu ni Mathayo 25: nilikuwa na njaa, nilikuwa na kiu, nilikuwa mgeni, nilikuwa uchi, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni. Kanisa likaongeza kuwazika wafu ndo yakawa matendo saba ya huruma ya mwili. Na visiwani kwetu hii sio habari mpya, mapadri na masista waliofika Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion walianza na hospitali na karakana za kufundishia kazi, wakati huo soko la watumwa bado liko wazi, lilikuja kufungwa 1873. Yani kabla ya kanisa letu la Minara Miwili pale Shangani kujengwa kulikuwa na vidonda vinavyosafishwa. Ukikaa ndani ya kanisa lile Jumapili kumbuka kilianza nini.

Sasa kwa vitendo.

Anza na mlango wa jirani yako. Piga hodi, subiri uitikiwe, shikamoo zako, kaa barazani kama hujakaribishwa ndani. Uliza hali na usikilize jibu lote. Mara nyingi shida yenyewe inatoka ukishakaa, sio ukiuliza. Mzee mwenye miaka 70 na kuendelea ana haki ya pensheni jamii ya serikali ya Zanzibar, mpango ulianza 2016, lakini wapo wenye kitambulisho kilichopotea au miguu haiwafikishi kwenye kituo cha malipo. Kumsindikiza mzee kwa bajaji siku ya malipo, ukamshika mkono kwenye foleni, ukamrudisha na pesa yake yote mkononi, hiyo ni huduma kubwa na haikugharimu zaidi ya nauli na asubuhi yako ya off.

Chakula. Hapa tuwe makini kwa heshima. Usimpelekee jirani Mwislamu nyama wala kuku kama hakikuchinjwa na Mwislamu, na kama nyumbani kwako huwa inapikwa nguruwe usimpelekee kilichopikwa kwenye sufuria hizo, hata kama yeye hatajua. Wewe unajua. Peleka samaki, matunda, mkate, sukari, unga wa ngano, au mchele ambao haujapikwa. Ukifanya hivi miezi kadhaa utaona sahani yako inarudi na kitu ndani.

Wagonjwa. Hospitali ya Mnazi Mmoja analetwa mtu kutoka shamba au anavushwa kutoka Pemba na ndugu mmoja tu, na huyo ndugu naye analala chini, hajaoga, hajala. Watu wote wanamuona mgonjwa, wewe muone huyo muuguzaji. Mletee chupa ya chai, mkate, sabuni ya kipande na kanga safi, na mwambie nenda kaoge mie nakaa hapa. Fuata saa za kutazama wagonjwa, usiingize watu kumi wodini kuimba. Kama mgonjwa ni Mkatoliki muulize kama anataka padri, mpigie paroko au katekista mapema, Mpako wa Wagonjwa sio wa dakika ya mwisho, ni kwa yeyote anayeumwa sana au uzee umemlemea. Kama mgonjwa ni Mwislamu muombee moyoni, usimwekee mikono bila ruhusa. Na kama afya yako inaruhusu changia damu, mwanamme anaweza kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, damu haiulizi dini ya mtu.

Wazee wa kwenye makaazi, Welezo na Sebleni kwa Unguja, Limbani kwa Pemba. Kwanza nendeni kwa msimamizi muulize siku gani inafaa na kinahitajika nini, msibebe tu mlichonacho. Wapelekeeni sabuni, mafuta ya kupaka, kanga, vikoi. Lakini wazee wanachokosa sana ni mtu wa kuwagusa. Waombe ruhusa muwakate kucha. Chukua beseni la maji ya uvuguvugu, weka sabuni kidogo, mguu ukae humo kama dakika kumi kucha zilainike maana za wazee zinakuwa nene na ngumu, kausha vizuri hasa katikati ya vidole, kata kwa kunyoosha usiingie kwenye pembe, alafu paka mafuta. Muulize kwanza kama ana kisukari, akiwa nacho usiguse mkasi, mwambie nesi, kidonda kidogo tu kwa mtu wa kisukari kinaweza kumpotezea mguu. Wakati mguu uko kwenye maji mzee anaanza kuzungumza. Atakwambia habari za mapinduzi, za mtumbwi wake, za mwanawe aliye Oman ambaye hapigi simu. Hapo usiangalie saa. Alhamisi Kuu tunaona padri anaosha miguu ya watu kumi na wawili, hii ndo ileile, ila bila kwaya.

Msiba. Waislamu wanazika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, kwahiyo usiseme ntaenda Jumamosi. Ukisikia tu toka. Wanawake jifunike mtandio uingie ndani kwa wanawake, wanaume kaeni nje na wenzenu. Jeneza likipelekwa kusaliwa kaa pembeni kwa utulivu, na kama unataka kufuatana nao mpaka maziarani muulize mtu wa familia. Mkono wa pole mpe mhusika kimyakimya. Baada ya siku tatu watu wakishatawanyika, ndo urudi tena, manake hapo mjane amebaki na vyombo na nyumba tupu.

Na nyie wa Pemba mna huduma yenu ambayo sisi wa Unguja hatuijui sana. Msimu wa karafuu ukifika, karafuu zinashushwa mchana na jioni lazima zichambuliwe kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vyake, watu wanakaa barazani mpaka usiku, na mwalimu mgeni akishuka akakaa nao akachambua bila kudai chochote anakuwa ndugu. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Sasa wingu likitanda na jirani yako kaenda mjini, usisubiri kupigiwa simu, toka mbio ukamuanulie. Karafuu zikilowa zinaoza, na pale kuna ada ya skuli na mahari ya mtu. Mie sijui njia fupi zaidi ya kuisoma 1 Yohane 3:18, tusipende kwa neno wala kwa ulimi bali kwa tendo na kweli.

Kitu kimoja nasisitiza, na naomba mkichukue kwa uzito. Usimsaidie mtu ili umvute kanisani. Usimpe unga leo, kesho ukamwachia kipeperushi. Papa Benedikto wa 16 aliandika 2005 kwamba upendo unatolewa bure, hautumiki kama njia ya kupata kingine, na huku visiwani ukienda kinyume unaharibu kuaminiana kwa watu wote kulikojengwa kwa miaka mingi. Akikuuliza kwanini unafanya hivi mjibu kwa ukweli, mie Mkristo na Yesu katufundisha hivi, basi. Na picha acheni. Nimeona mzee amepewa kilo mbili za mchele akapigwa picha na watu wanane, sura yake imezunguka kwenye simu za kisiwa kizima, inauma sana. Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

Hatua ya tano: Ramadhani na Kwaresma

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia siku chache baada ya Ramadhani kuanza, na 2026 vimeanza takriban siku moja. Hii ni neema. Kisheria Mkatoliki anafunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, toka miaka 18 mpaka 59, na kujinyima nyama kunaanza miaka 14. Lakini ukikaa visiwani ukaona mtoto wa miaka kumi na mbili anafunga mwezi mzima na jua hili, utaona aibu njema na wewe utaongeza. Funga Ijumaa zote za Kwaresma kweli, pesa ya chakula cha mchana weka kwenye kopo, mwisho wa wiki inunulie tende na sukari uzipeleke kwenye nyumba isiyokuwa na futari. Usile wala kunywa njiani mchana, kula ndani kwako. Mwenzio wa kazini aliyefunga chukua ile kazi ya juani wewe. Wakikualika futari nenda, kaa jamvini, usikatae.

Hatua ya sita: usiku

Kabla ya kulala tafiti dhamiri, dakika tano zinatosha. Mshukuru Mungu kwa jambo moja la leo ulilitaje. Alafu pitia siku toka asubuhi, yule uliyemtaja jina ulimfanyia nini, na nani ulimpita. Omba msamaha kwa Sala ya Kutubu, sema kesho utarekebisha lipi, lala. Kama ni familia, salini pamoja hata tendo moja tu la rozari, watoto waongoze wao, wakikosea maneno waacheni wamalize.

Hatua ya saba: Misa, kitubio na jumuiya

Misa ya Jumapili ndo chemchemi, huduma yote inatoka hapo. Wa shifti, Misa ya Jumamosi jioni inahesabika kuwa ya Jumapili, kwahiyo panga na bosi mapema, mwenzio Mwislamu mbadilishane, yeye umshikie Ijumaa mchana yeye akushikie Jumapili asubuhi, hii inafanya kazi vizuri sana na mnakuwa marafiki. Kama uko mbali kabisa na Misa haiwezekani, usiiache siku ikapita hivihivi, someni masomo ya Jumapili hiyo nyumbani, sali sala ya kukomunika kiroho, yaani kumpokea Yesu kwa hamu ya moyo. Kitubio, angalau kila mwezi. Usingoje Pasaka foleni ikiwa ndefu na padri kachoka.

Jumuiya nayo usikwepe. Najua wengine wanaona kule ni michango tu, na kwa baadhi ya jumuiya lalamiko hilo ni la haki, lakini dawa yake ni kuingia na kuomba jukumu la wagonjwa. Pendekeza liwepo daftari moja la wagonjwa na wazee wa mtaa, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, lenye jina, nyumba ilipo, anahitaji nini na nani ameenda lini. Kila mkutano wa wiki lisomwe kabla ya kusoma michango. Watu wawiliwawili wagawane majina, mmoja mzoefu na mmoja kijana wa VIWAWA (umoja wa vijana Wakatoliki) au mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na binti yake. Aliyepata nafuu aondolewe kwa sala ya shukrani, aliyefariki aandikiwe nia ya Misa kama ni wetu, na kama ni wa jirani zetu Waislamu aandikwe mtu wa kurudi kwa mjane wiki inayofuata. Kama jumuiya yenu haina daftari hilo, nunua wewe mkutano ujao, andika mwenyewe majina matatu ya kwanza.